Mweka amana: mwenye mali anayejivua mali

Neno “amana” linatutega. Tumelizoea tangu utotoni. Jirani anasafiri, anakuachia kasha la dhahabu za mkewe, anakwambia hii ni amana, na akirudi unamkabidhi kasha lake kama lilivyokuwa. Benki nazo huziita fedha za wateja amana, na mteja akiamka kesho akazitaka, ni haki yake. Kote huko mweka amana ni mtu wa kurudi kuchukua chake.

Lipeleke neno hilo kwa wakili, nalo linageuka. Katika sheria ya amana ambayo Kenya, Tanzania na Uganda ziliirithi kwa Waingereza, mweka amana ni mtu wa kuondoka. Ana nyumba, shamba, hisa au fedha. Anazihamishia kwa wadhamini, wanaozishika kwa majina yao, na anataja watakaofaidi, yaani wanufaika. Akishamaliza, hati iko mkononi mwa wadhamini, kodi ya nyumba inawafaa wanufaika, na yeye mwenyewe, ambaye jana aliitwa mwenye mali, leo huenda hana hata haki ya kuuliza bati la mbele litapakwa rangi gani.

Kwa hiyo kazi yake yote iko mwanzoni, na ni kazi ya kusema waziwazi. Kesi ya Knight dhidi ya Knight ya mwaka 1840, ambayo wanafunzi wa sheria hukaririshwa, ilitaja mambo matatu ambayo lazima yawe na uhakika: nia ya kuweka amana, mali yenyewe, na watakaonufaika. Mzee akiandika “sehemu kubwa ya mali yangu iwafae watu wema wa mtaani”, moyo wake ni safi lakini amana hana. Sehemu kubwa ni ipi? Mwema ni nani, na nani atampima?

Hata hivyo maneno hayatoshi, na hapa ndipo wengi hukwama. Mwaka 1865 mahakama ya Uingereza ilisikiliza kisa cha baba mmoja, Jones, aliyerudi nyumbani kutoka Birmingham, akalaumiwa kwamba hakumletea mtoto wake mchanga zawadi. Akatoa hundi ya pauni 900, akaiweka kwenye kiganja cha mtoto, akatamka mbele ya watu kwamba anampa mtoto na kwamba atamwekea. Kisha akaichukua, akaifungia kwenye sefu yake. Siku chache baadaye akafariki. Je, pauni 900 zilikuwa za mtoto? Mahakama ilisema hapana. Baba hakuwa ameihamisha hundi kwa jina la mtoto, wala hakuwa amejitangaza kuwa mdhamini anayemshikia. Alikuwa baba mwenye furaha anayeongea. Ukiwa na huruma utaona ni ukatili, lakini fikiria tungekuwa wapi kama kila “hii ni yako mwanangu” iliyotamkwa sebuleni ingefunga mali ya mtu.

Miaka mitatu kabla yake, katika kesi ya Milroy dhidi ya Lord, kosa lilikuwa la makaratasi. Mtu alitia sahihi hati ya kuweka amana hisa 50 za benki ya Louisiana kwa ajili ya mpwa wake. Hati ilikuwa safi. Ila hisa zile hazihami mpaka ziandikwe upya kwenye daftari la benki, na hazikuandikwa. Alipokufa, hisa zilikuwa bado zake. Kwetu somo hilo linahusu viwanja: kama hati ya umiliki bado ina jina lako, usijidanganye kwamba umeshawawekea watoto.

Je, mweka amana anaweza kubakiza chochote? Anaweza, akiandika mapema. Hati inaweza kumpa uwezo wa kuivunja amana, au wa kumwondoa mdhamini na kumteua mwingine. Anaweza hata kujiweka mwenyewe awe mmoja wa wadhamini au wanufaika. Wengi huongezea barua ya matakwa, inayowaeleza wadhamini angependa mambo yaendeje bila kuwafunga. Lakini anayetoa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshikilia kila kamba anajitafutia balaa. Mahakama ikiona wadhamini ni picha tu na mzee ndiye anayeamua kila senti, inaweza kusema hiyo ni kiini macho, mali bado ni yake. Hali kadhalika anayehamisha mali ili kuwakimbia wadai wake. Kenya ilipotunga mwaka 2021 vifungu maalumu vya amana za familia, wenye viwanja wengi walianza kuulizia jambo hili, na nashuku baadhi yao walisikia “kinga” lakini hawakusikia “kuachia”.

Kuna kioja kingine. Hata matakwa yaliyoandikwa vizuri yanaweza kupinduliwa na wanufaika. Katika Saunders dhidi ya Vautier, ya mwaka 1841, marehemu alitaka hisa zikae zikizaa mpaka kijana afikishe miaka 25. Kijana alipofikisha 21, umri wa utu uzima wakati ule, alidai zote, akapewa. Wanufaika wote wakiwa watu wazima wenye akili timamu na wakikubaliana, wanaweza kuimaliza amana na kugawana.

Hapo ndipo mweka wakfu wa pwani yetu, yaani Mwislamu anayeifunga mali yake moja kwa moja ili mapato yake tu yatumike, anapomzidi mwenzake. Chimbuko la wakfu ni shamba la Umar bin Khattab kule Khaybar, aliyeshauriwa na Mtume aizuie asili, yaani shamba lenyewe, na atoe mazao: haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani, mweka wakfu hawezi kujiwekea nafsi yake wala kubadili nia, lakini mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wana kanuni kwamba sharti lake ni kama andiko la sheria. Si kwamba mahakama za kikoloni zilimheshimu daima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mahakama ya mwisho ya rufaa kule London iliukataa wakfu wa familia kutoka pwani ya Kenya, kwa hoja kwamba fungu la maskini lilikuwa mbali mno, kwani wangepata kitu pale tu kizazi cha mweka wakfu kitakapokwisha, ingawa vitabu vya Kishafii vinamruhusu mtu kuwawekea kizazi chake. Ila pale wakfu unaposimama, wajukuu wote wakae kikao, wakubaliane kwa kauli moja na watie sahihi, nyumba ya babu haiuziki.