Jana Mlikula Pamoja? Ufafanuzi kwa Kaya Zinazohojiwa Kwenye Utafiti wa Matumizi ya Muda

Kila msimu wa utafiti wa kaya malalamiko huongezeka, na siku hizi mengi yanaangukia swali moja: jana, mlo wa jioni, nani alikula na nani? Wapo wanaoliona kama uchunguzi wa ndoa zao. Wapo wanaoamini kwamba kaya ikijibu "kila mtu alikula kivyake" itaandikwa kuwa ina matatizo. Na wapo wanaotupa kazi kubwa kuliko hao wote, wanaosema "sisi tunakula pamoja kila siku" wakati shajara, yaani daftari la shughuli za siku nzima, waliyoijaza kwa mkono wao inaonyesha kuwa baba aliingia saa nne usiku na watoto walilala tangu saa mbili.

Nianze na hao wa mwisho. Dodoso letu halina jibu zuri wala jibu baya. Mdadisi, yaani anayewahoji, hana alama za kutoa, wala haandiki popote kwamba kaya fulani inapendana na nyingine haipendani. Anachotaka ni kilichotokea. Ndiyo maana anauliza kuhusu jana na kuacha neno "kwa kawaida", kwa sababu mtu akiulizwa kwa kawaida inakuwaje, mara nyingi hujibu anavyotamani iwe. Siku ya shajara huanza saa 10 alfajiri na kuisha saa 10 alfajiri inayofuata. Katika mwongozo unaotumiwa na nchi nyingi za Ulaya, siku hiyo hugawanywa katika vipande vya dakika 10, yaani vipande 144, na kwa kila kipande mhojiwa huandika alikuwa akifanya nini, alikuwa wapi, na alikuwa na nani. Safu hiyo ya "na nani" ndiyo inayotuambia kama mlo uliliwa pamoja. Ukiijaza kwa kukisia, kazi yote ya siku hiyo inapotea.

Sasa kuhusu kaya. Tumelieleza jambo hili mara nyingi na bado linachanganywa: kaya si ukoo, wala si orodha ya watoto wako popote walipo. Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa kuhusu sensa yanaiangalia kaya kwa namna watu wanavyojipatia chakula na mahitaji mengine ya maisha, mmoja peke yake au kadhaa kwa kushirikiana. Kwa hiyo mpangaji wa chumba cha nyuma anayejipikia ni kaya yake, hata kama mnatumia mlango mmoja. Msaidizi wa kazi anayelala na kula kwenu ni mwanakaya, na tafadhali msimfiche mdadisi anapoorodhesha majina. Mtoto aliye bweni muhula mzima huandikwa kufuatana na kanuni ya ukaazi ya utafiti husika. Mdadisi anayo, mwulizeni.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalioni. Watu wanaweza kula chungu kimoja na wasikutane. Chakula kimepikwa mara moja, kimefunikwa, na kila mmoja amejipakulia kwa saa yake: mwanafunzi akitoka masomo ya ziada, mama kabla ya zamu ya usiku, baba aliporudi. Kwa maana ya takwimu hiyo ni kaya moja kamili, na chakula chao ni kimoja. Mlo wa pamoja hawakuwa nao. Maswali haya ni mawili tofauti na yanahitaji majibu mawili tofauti, lakini mhojiwa akisikia "mnakula pamoja?" huyajibu yote kwa neno moja.

Kuhusu meza, naomba tusibishane. Meza, mkeka au viti vya ukumbini, kwetu vina uzito uleule isipokuwa pale dodoso linapotaja meza waziwazi, kama yalivyofanya madodoso ya wazazi katika PISA, tathmini ya kimataifa ya wanafunzi, yaliyouliza ni mara ngapi mzazi anakula mlo mkuu na mtoto wake wakiwa wamezunguka meza. Televisheni ikiwa imewashwa, bado mmekula pamoja, na kuitazama kunaandikwa kama shughuli ya pili. Simu mkononi vilevile. Aliyekaa nanyi bila kula anaandikwa kuwa alikuwepo, na aliyekula baada ya ninyi kuondoa vyombo alikula peke yake.

Tunauliza kwa sababu majibu yanatumika. Ni shajara za aina hii, zinazokusanywa nchini Marekani tangu 2003, zilizoonyesha kwamba kufikia 2023 takriban mtu mmoja kati ya wanne nchini humo alisema alikula milo yote ya jana yake peke yake, ongezeko la asilimia 53 katika miaka 20. Japani ilipitisha sheria ya msingi ya elimu ya chakula mwaka 2005, na mipango iliyofuata imeweka lengo la idadi ya kifungua kinywa na milo ya jioni ambayo familia hula pamoja kwa wiki. Brazili mwaka 2014 na Kanada mwaka 2019 zilitia kula pamoja na wengine katika miongozo yao ya lishe. Lengo la namna hiyo haliwezi kupimwa ikiwa watu wanajibu ili kuwafurahisha wadadisi.

Lakini takwimu hizi zisitumike kumtisha mzazi. Uchambuzi wa tafiti 17 uliochapishwa mwaka 2011, wenye watoto na vijana zaidi ya 180,000, ulikuta kwamba waliokula na familia mara tatu au zaidi kwa wiki walikuwa na lishe bora kidogo na uzito unaofaa zaidi kuliko waliokula nayo mara chache. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine wa watoto wapatao 21,400 nchini Marekani ulipozingatia kwa makini hali ya familia na shule, haukupata uhusiano wa maana kati ya idadi ya milo ya pamoja na masomo au tabia. Familia zinazoweza kukutana kila jioni mara nyingi zina pia kipato na ratiba zinazowaruhusu. Mama wa zamu ya usiku hana kosa hapo, na haifai yeyote atumie takwimu zetu kumwambia analo.

Kuhusu siri. Kanuni ya sita ya Kanuni za Msingi za Takwimu Rasmi, zilizoidhinishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2014, inataka taarifa za mtu mmoja mmoja zitunzwe kwa usiri mkubwa na zitumike kwa takwimu peke yake. Haziendi kwa watoza kodi, wala kwa mwajiri, wala kwa mahakama ya ndoa. Mdadisi hula kiapo kabla ya kukabidhiwa dodoso, na sheria za takwimu katika nchi nyingi humpa faini, kifungo au vyote viwili akifichua alichoambiwa, hata baada ya mkataba wake kuisha. Majina na anwani hutenganishwa na majibu kabla ya uchambuzi, na jedwali lenye watu wachache kiasi cha kutambulika huzuiwa lisichapishwe. Sheria hizohizo mara nyingi zina adhabu pia kwa anayetoa taarifa za uongo kwa makusudi. Kusahau si uongo. Sema umesahau, mdadisi ana namna ya kuliandika hilo.

Kabla ya kujibu, dai kitambulisho chake na namba ya simu ya msimamizi. Kama hamkuwepo, atarudi. Kila mwanakaya aliyefikisha umri uliowekwa ajaze shajara yake mwenyewe, kwani mume kumjazia mke hakukubaliki. Msimamizi anaweza kurudi kwenye baadhi ya kaya na kuuliza upya maswali machache. Hiyo ni sehemu ya kukagua kazi ya mdadisi wetu, na ninyi hamshukiwi kwa lolote. Ukigundua umejibu vibaya, mpigie msimamizi utaje namba ya kaya iliyo kwenye kikaratasi ulichoachiwa. Marekebisho hupokelewa hadi data ya eneo lenu itakapofungwa, na hatutakuuliza kwa nini umebadilisha jibu.