Kwa nini karatasi hushikana bila gundi?

Loweka magazeti ya zamani usiku kucha, yatwange kwenye kinu hadi yawe rojo, yakoroge ndani ya beseni la maji, kisha chota kwa fremu iliyowambwa wavu wa dirishani. Likikauka, unabandua karatasi mpya. Watoto wanapofundishwa kazi hii, aghalabu mtu mzima hutia wanga kidogo "ili ishike".

Si lazima. Wanga huzuia wino usisambae, na huongeza uimara, lakini karatasi hushika bila huo. Wengine husema basi nyuzi zimesukana tu. Kusukana kunasaidia, ila hakutoshi: mbona karatasi ileile ikilowa huchanika kwa kuguswa? Nyuzi hazikupungua wala kuhama. Kilichoongezeka ni maji.

Na maji ndiyo yenye siri. Nyuzi za mimea kwa sehemu kubwa ni selulosi, iliyojaa oksijeni na haidrojeni zinazopenda maji. Rojo linapokauka, maji yanayobaki katikati huzivuta nyuzi zikaribiane mpaka zigusane. Hapo haidrojeni ya uzi mmoja huvutwa na oksijeni ya uzi wa jirani. Mvuto mmoja ni hafifu sana. Ni kama mbegu za kishona nguo: moja unaing'oa kwa kucha, lakini ukikatiza kichaka kizima, utakaa kibarazani unahangaika na suruali hadi giza liingie. Kutwanga huchanua nyuzi, zikapata sehemu nyingi zaidi za kunasana. Maji yakirudi, hujipenyeza katikati na kuziachanisha. Ndiyo maana gazeti hurudi kuwa rojo. (Wanasayansi bado wanabishana mvuto huu unabeba sehemu gani ya uimara wote.)

Katika karakana ya Neema Crafts, Iringa, karatasi hutengenezwa kwa kinyesi cha tembo. Tembo hasagi chakula chake vizuri tumboni, kwa hiyo nyuzi hutoka nyingi, nusu ya kazi imeshafanyika.

Kwenye vinyago vya karatasi, gundi ina pake. Vipande vya gazeti vinavyobandikwa juu ya puto havijatwangwa, na nyuso zake hazigusani vya kutosha. Uji wa ngano huziba mianya. Rojo likishindiliwa ndani ya bakuli lililopakwa mafuta, hukauka likiwa na umbo la bakuli bila uji wowote. Lisiwe nene tu, maana husinyaa na kupasuka. Tena mende hawalifuati kama wanavyofuata ngano.