Je, wajua? Alama ya blogu yako haitolewi na Google

Wanablogu wawili wakikutana siku hizi, swali huja mapema: "DA yako ngapi?" DA ni alama inayokadiria nguvu ya tovuti kwa linki zinazoielekea. Mmoja atasema 9, mwenzake 23, na yule wa 9 atarudi nyumbani akiwaza namna ya kuipandisha. Wapo wanaolipa watu wawatengenezee linki za kuelekea blogu zao kwa mamia, kwa hela ambayo ingewatosha bando la miezi kadhaa. Kabla hujafika huko, ijue kwanza namba hiyo ilitoka wapi na nani anaitoa.

Chimbuko la wazo lake ni Chuo Kikuu cha Stanford, California, katika miaka ya 1990. Larry Page na Sergey Brin, waliokuja kuanzisha Google, wakiwa bado wanafunzi, walitafuta njia ya kupanga kurasa za intaneti kwa uzito wake. Walianzia kwenye desturi ya wasomi: andiko linalorejelewa na wengi huwa na heshima kubwa. Basi linki nayo wakaihesabu kama kura, ila kura zenyewe hazilingani. Linki kutoka ukurasa unaoheshimika ina uzito zaidi, na ukurasa unaogawa linki mia unampa kila mmoja kidogo sana. Hesabu hiyo wakaiita PageRank, kwa jina la Page mwenyewe.

Ili kuielewa, mfikirie mtu asiye na safari maalumu. Anafungua ukurasa, anabofya linki yoyote, anafika pengine, anabofya tena. Mara mojamoja anachoka na kurukia ukurasa mwingine kabisa. Katika andiko lao la 1998, uwezekano wa kuendelea kubofya waliuweka 0.85. Akizunguka hivyo bila kukoma, kurasa anazojikuta mara nyingi zaidi ndizo zenye alama kubwa. Kwangu mimi hii ni moja ya hesabu nzuri kuliko zote zilizowahi kufanywa juu ya intaneti.

Kilichoiharibu ni kuonyeshwa hadharani. Mwaka 2000 Google ilitoa kijiprogramu cha kivinjari kilichomwonyesha kila mtu alama ya ukurasa, kuanzia 0 hadi 10. Soko likazuka papo hapo: linki zikauzwa, na sehemu za maoni kwenye blogu zikajazwa takataka zenye anwani za tovuti. Mwaka 2005 ikabidi ibuniwe alama ya "nofollow", ya kuiambia mitambo ya kutafuta kwamba linki fulani isihesabiwe kura. Alama za hadharani zilisasishwa mara ya mwisho Desemba 2013, na mwaka 2016 Google ikaziondoa kabisa. PageRank ingali ikifanya kazi ndani ya Google, imebadilishwa sana na imechanganywa na vigezo vingine vingi, lakini wewe na mimi hatuioni.

Pengo hilo limejazwa na kampuni nyingine. Moz inatoa Domain Authority, ile DA, kuanzia 1 hadi 100. Ahrefs inatoa Domain Rating. Programu zao huzunguka intaneti zikikusanya linki, kisha zinakadiria. Google imesema mara nyingi kwamba haitumii DA kupanga matokeo, na Moz wenyewe wanalikiri hilo. Kwa hiyo anayekuuzia linki ili DA ipande anakuuzia namba ya Moz. Hakuuzii nafasi kwenye Google.

Liko jambo lingine, na hili linamgusa zaidi anayeandika kwa Kiswahili. DA hupima tovuti nzima, lakini anayetafuta kitu hutafuta kwa maneno, na matokeo hupangwa ukurasa kwa ukurasa. Chukua ugonjwa wa kuku ambao wataalamu wanauita Newcastle. Mfugaji mmoja ataandika "kideri", mwingine "mdondo", wa tatu "kuku wanapinda shingo". Ukiwa umeeleza vizuri dalili zake, na ukasema chanjo ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, mshindani wako kwa maneno hayo si gazeti la London lenye DA ya 90. Ni kurasa chache za Kiswahili, na nyingine zimenakiliana neno kwa neno.

Je, uipuuze kabisa? Hapana. Watangazaji wengine huiulizia, na inasaidia kujilinganisha na blogu za fani yako. Ikishuka ghafla usihangaike, huenda kampuni imebadilisha tu hesabu zake. Linki nazo bado zina maana, zile ambazo mtu amekuwekea kwa sababu ulichoandika kimemfaa.

Lakini muda ule unaoutumia kuchungulia DA, ningekusihi uuhamishie Search Console, huduma ya bure ya Google yenyewe. Humo utaona maneno ambayo watu waliyaandika hadi ukurasa wako ukatokea, ulitokea mara ngapi, ulikuwa nafasi ya ngapi na wangapi walibofya. Ukikuta ukurasa wako umetokea mara mia mbili kwa neno "mdondo" na hakuna aliyebofya, fungua makala yako uitazame. Huenda uliandika "kideri" mwanzo hadi mwisho, na mfugaji anayeujua ugonjwa huo kwa jina la mdondo akaona kichwa chako cha habari, akadhani hakimhusu, akapita.