Presha na figo: homoni inayoziamuru seli zinenepe

Mgonjwa wa presha akiambiwa figo zimeanza kuchoka, mara nyingi hudhani kuna mishipa iliyopasuka. Kwa walio wengi figo haipasuki. Seli zake hunenepa, zikajaza nafasi ambayo damu ilikuwa inapita.

Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha vimishipa vyembamba mno. Kwa siku vichujio vyote hupitisha lita 180 hivi za majimaji, karibu yote yakarudi kwenye damu. Vimishipa hivyo vimeshikwa pamoja na seli ziitwazo mesanjia, kama kamba inavyoshika mzigo wa kuni. Presha ikipanda hadi ndani ya kichujio, kifundo hutanuka na mesanjia huvutwa kila moyo unapopiga.

Mvuto huo huamsha angiotensini ya pili, homoni ya peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino 8 tu, vijenzi vya protini. Ili itengenezwe, figo hutoa renini, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini); renini hukata protini itokayo kwenye ini, kisha kimeng'enya kingine kilicho kingi kwenye mapafu humalizia kazi. Tunaifahamu kama homoni ya kubana mishipa, lakini kwenye figo ina madhara mawili. Kwanza, hubana kimshipa kinachotoa damu kwenye kichujio kuliko kile kinachoiingiza. Ukifinya mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani, maji husukumana ndani. Ndivyo kichujio kinavyosongwa. Pili, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, huziamuru mesanjia zinenepe na kutoa kolajeni, malighafi ya kovu. Tena seli zilizovutwa zinaweza kutengeneza angiotensini yao palepale, na mzunguko ukaendelea kwa miaka bila mgonjwa kuhisi chochote.

Dawa za presha kaptoprili na enalaprili huzuia homoni hii isitengenezwe. Losatani huziba mlango inakopokelewa kwenye seli. Mwaka 1993 utafiti wa wagonjwa 409 wa kisukari cha aina ya kwanza walioathirika figo ulionyesha kuwa kaptoprili ilipunguza kwa nusu hatari ya kufa, kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Nafuu hiyo ilizidi ile iliyotarajiwa kwa kushuka kwa presha peke yake. Kwa hiyo ukiona kipimo cha presha kiko sawa, usiache dawa: huenda presha imetulia kwa sababu unaimeza.

Dawa hizi zina masharti. Mjamzito hapaswi kuzitumia, maana humdhuru mtoto tumboni. Ukizianza, pimwa damu kuona kreatinini, taka ambayo figo huiondoa, na potasiamu baada ya wiki chache. Usijinunulie diklofenaki au ibuprofeni dukani kila mgongo unapouma. Zikichanganywa na dawa hizi figo huweza kufeli ghafla. Na ukienda kliniki ya presha, omba mkojo wako upimwe protini. Kovu linapoanza, mara nyingi protini huonekana humo kabla mwili haujavimba.