Je, wajua kwa nini soda ya moto inakera kwa utamu ila ya baridi inashuka tu?

Ukiagiza soda mahali popote hapa Dodoma, iwe Majengo sokoni au kule stendi ya Nzuguni, lazima uulizwe baridi au moto, na kwa lile jua la mwezi wa kumi na wa kumi na moja kabla mvua hazijaanza karibu kila mtu anasema baridi tena ile ya chini kabisa ya friji. Sasa siku moja ichukue hiyohiyo unayoipenda, ifungue uiache mezani mpaka ubaridi uishe na gesi itoke, alafu piga funda. Shira tupu! Unatafuta maji ya kusukutulia. Na hakuna aliyeongeza sukari humo, ni ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Kilichobadilika ni jinsi ulimi unavyoipokea. Kwenye seli za ulimi zinazoonja utamu kuna protini inaitwa TRPM5, yenyewe inasaidia kupeleka taarifa ya utamu kwenye neva mpaka ubongoni, na hii protini inapenda joto, ikipigwa na baridi inazubaa. Watafiti wa chuo kikuu cha Leuven kule Ubelgiji ndo walilionyesha hili mwaka 2005, kwamba ukitoka nyuzi joto 15 kwenda 35 inachangamka sana. Soda ya friji iko chini ya hapo, kwa hiyo sukari inapita mdomoni na wewe unaisikia nusunusu.

Afu kuna uchachu. Cola ina asidi ya fosforiki, zile za machungwa na ndimu zina asidi ya sitriki, na uchachu na utamu vikikutana kila kimoja kinamfunika mwenzake. Gesi nayo inaongeza ukali wake, maana kaboni dayoksaidi ikifika mdomoni inageuka asidi inachoma kidogo, si unajua ile inayokutoa machozi ukinywa kwa pupa, na kwenye baridi gesi inakaa ndani ya kinywaji muda mrefu zaidi. Ndo mana ikipata moto unapoteza ubaridi na gesi kwa mpigo, asidi inabaki ila peke yake haitoshi kuufunika utamu.

Na sukari yenyewe sio ya mchezo. Coca-Cola ya kawaida ya mililita 330 ina gramu 35 hivi, kijiko cha chai kinabeba kama gramu 4, yani karibu vijiko tisa. Hebu mwekee mgeni vijiko tisa kwenye kikombe cha chai uone atakavyokutazama. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwenye chakula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, hiyo ya pili kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja tu umeshavuka.

Kwa hiyo kiu ya saa nane mchana inachokitaka hasa ni ubaridi, uchachu na kale kamchomo, na vyote hivyo hapa kwetu vipo bila kiwanda. Mibuyu imejaa, pita barabara ya Mtera au nenda Mpwapwa huko utaiona. Chemsha maji, yaache mpaka yawe ya vuguvugu (usichemshie ubuyu wenyewe, moto unaua vitamini C, na ubuyu unayo nyingi), loweka ubuyu na mbegu zake, fikicha mpaka mbegu zibaki tupu, chuja, ongeza maji mpaka uzito uupende. Twanga tangawizi uweke humo, hiyo ndo inaleta mchomo badala ya gesi. Ukwaju nao unafanya kazi ileile.

Ila hapa ndo watu wanaharibu. Jagi la lita 2 mtu anamimina robo kilo ya sukari, piga hesabu, ni gramu 12 na nusu kwa kila mililita 100, wakati cola iko kwenye 10 na ushee! Yani umekimbia soda ukaenda kunywa soda ya ubuyu, na rangi nyekundu juu. Dawa yake ni kuonja juisi ikiwa bado ya vuguvugu, ukiona utamu umefika kwa mbali acha hapohapo, na ikishatoka kwenye friji usirudie kuongeza hata kama inaonekana imepungua. Anza na nusu ya sukari uliyozoea, wiki chache mbele punguza tena, ulimi unazoea wenyewe.

Zabibu zetu najua nitagombana na watu. Juisi yake halisi bila kuongeza chochote inaweza kufika gramu 15 au 16 kwa mililita 100, ni zaidi ya soda, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari ya juisi kundi moja na ya kuongezwa. Zabibu zile uzile zenyewe, unatafuna na maganda, huwezi kumaliza kilo kama unavyomaliza glasi mbili za juisi. Soda za "zero" sukari hazina kweli, ila asidi iko palepale na meno hayajui kama ni zero.

Maji ndo yangekuwa jibu rahisi, tatizo visima vingi huku vina chumvichumvi na wengi wanakimbilia soda kwa sababu hiyohiyo bana. Yachemshe, yapoze sana, kamulia ndimu au tia vipande vya tango, ile ladha ya chumvi haitakusumbua sana.