Viza ya kazi: kuingia ni kitu kimoja, kufanya kazi ni kingine

Siku hizi hapa Malindi kila anayetaka kusafiri "ashapata viza ya kazi". Aliyefanyiwa usaili kwa simu ashapata viza. Aliyetumiwa barua ya ajira ashapata viza. Hata aliyekatiwa tiketi ya Dubai na dalali, naye ashapata, na dua nyumbani kwao ishasomwa. Haya basi, tulizungumze.

Viza ya kazi ni ruhusa ambayo nchi humpa mgeni aingie kwa ajili ya kazi inayojulikana, mara nyingi kwa mwajiri anayejulikana, kwa muda uliowekwa. Maana yake ni hiyo tu. Kinachotutatiza ni kwamba ndani yake mna mambo mawili ambayo sisi tunayafunga kitita kimoja: ruhusa ya kuingia na ruhusa ya kufanya kazi. Ziko nchi zinazozitoa pamoja, ziko zinazozitenganisha ofisi kwa ofisi, na mtu anaweza kabisa kuwa na moja akakosa ya pili.

Ajabu ni kwamba sisi wa Malindi ndio tungekuwa walimu wa jambo hili. Mji huu umekaa na Wataliano miaka na miaka. Hakuna asiyejua kwamba Mtaliano anaweza kuwa nchini kihalali, pasipoti yake safi, na bado akikutwa nyuma ya tanuri la piza mkahawani bila pamiti, ana kesi. Tena tangu Januari 2024 Kenya imefuta viza: huyo Mtaliano hujaza idhini ya kusafiri kwenye mtandao kabla ya kupanda ndege, basi. Viza imeondoka, lakini kibali cha kazi kiko pale pale. Kwa mtaalamu aliyeajiriwa ni kile cha daraja D, chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, na mwajiri ndiye anayebanwa maswali: kwa nini hakupatikana Mkenya wa kazi hiyo, na ni Mkenya gani atakayejifunza chini ya mgeni ili aje amrithi. Mpishi akihama hoteli akaenda ya jirani, kibali hakihami naye. Yote haya tunayajua, na tunayasema kwa sauti tukimwona Mzungu kakamata kazi ya kijana wetu. Safari ikiwa yetu, tunasahau.

Tumchukue nesi wa hapa anayekwenda Uingereza. Kwanza baraza la wauguzi la huko lijiridhishe na masomo yake, na kuna mtihani wa kompyuta anaoweza kuufanya akiwa bado Kenya. Ule wa vitendo huufanya kule. Kisha mwajiri, ambaye lazima awe na leseni ya kudhamini wageni, humtolea hati ya udhamini. Hapa ndipo watu wanapoliwa. Hiyo inayoitwa hati si cheti cha kutundika ukutani. Ni rekodi ndani ya kompyuta za serikali yao, na anachopewa nesi ni namba tu. Kwa hivyo ukitumiwa kwenye WhatsApp cheti chenye muhuri wa dhahabu na bendera, ukaambiwa ndiyo viza, ujue aliyekitengeneza hajawahi hata kuiona ya kweli. Tena si viza! Ni kitu anachokwenda nacho kuombea viza, na ana miezi 3 ya kufanya hivyo kabla namba haijapitwa na wakati. Akishafika, ruhusa yake inamfunga kwa mwajiri yule. Kazi ikikatika, kwa kawaida hupewa siku 60 atafute mdhamini mwingine au arudi. Wale wa kutunza wazee nao wajue kwamba mlango wa kuajiri watunzaji wapya kutoka ng'ambo ulifungwa Julai 2025, ingawa madalali bado wanauza nafasi hizo.

Sasa Ghuba, ambako ndiko wengi wetu twaelekea. Kijana mmoja wa Maweni alinifungulia simu nimwangalizie "viza ya kazi" yake ya Imarati. Karatasi nzuri, Kiarabu upande mmoja, Kiingereza upande wa pili, picha yake juu. Nikashuka hadi kwenye aina ya kibali: utalii, siku 60. Dalali alimwambia atabadilisha akifika. Na hapo, tusimwonee dalali, hakusema uongo mtupu. Mwajiri akipatikana anaweza kumwombea kibali cha kazi na hadhi yake ikabadilishwa akiwa huko huko. Lakini kabla ya hapo kila zamu atakayoingia ni kosa, na akidhulumiwa mshahara atakwenda kushitaki kwa karatasi ya mtalii. Tena sheria yao ya kazi ya 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Kijana yule alikuwa ashatoa hela za pikipiki nzima.

Ila linaloniudhi kupita yote ni hili la "fri viza". Watu wanalitaja kama neema, kana kwamba ni viza ya mtu huru. Ukweli ni kwamba unaandikwa chini ya kafili, yaani mdhamini, ambaye hana kazi ya kukupa. Unamlipa, kisha unaachiwa uzunguke utafute vibarua mwenyewe. Saudia, kufanya kazi kwa asiye kafili wako bila utaratibu wa sheria ni kosa, na kujifanyia biashara yako mwenyewe pia ni kosa. Kwa hiyo hakuna viza inayomfunga mtu kuliko hiyo inayoitwa huru: iqama, yaani kibali chako cha kukaa, iko kwa huyu, jasho liko kwa yule, na kafili akitaka nyongeza ya pesa huna la kumjibu.

Ujerumani nitapita haraka. Mkataba wao wa uhamiaji na Kenya uliotiwa saini Berlin Septemba 2024 haukugawa viza kwa mtu yeyote. Zile nafasi za kazi 250,000 zilizovuma, serikali yao yenyewe ilizikanusha. Mkataba hautaji idadi. Na ile kadi yao ya kutafutia kazi, iliyoanza Juni 2024, ni ya kutafutia kazi kama ilivyo jina lake: mwaka mmoja, na kibarua kisichozidi saa 20 kwa wiki wakati unatafuta.

Juzi barazani ami mmoja akaniuliza, akiwa kanuna kidogo: sasa binti yake aliyepata barua ya hospitali moja ya Leeds, Uingereza, watu wakiuliza aseme amepata nini? Sema amepata kazi, ami, na hilo si dogo. Namba ya udhamini bado, kipimo cha kifua kikuu bado, viza yenyewe haijaombwa. Ada ya viza mtailipa siku ya kujaza fomu, kwa hivyo kile kiwanja cha Muyeye kwanza msikiuze.