Thamostati si ya nchi za theluji pekee

Peleka Subaru ya turbo inayochemsha kwa mafundi wengi hapa Nakuru, utaambiwa: “Toa thamostati, hiyo ni ya Ulaya.” Niliamini. Impreza WRX yangu ikatolewa thamostati, na bado ikachemsha kwenye foleni. Asubuhi nazo, barabara ikiwa wazi, mshale wa joto haukufika katikati, huku petroli ikiisha kama inamwagwa.

Thamostati ni mlango wa maji ya kupoza injini. Injini ikiwa baridi, umefungwa. Maji yakikaribia nyuzi 80 unafunguka yapite kwenye rejeta, yapoe. Bila mlango huo, injini hukawia kupata joto, kompyuta huongeza petroli na oili hubaki nzito. Hapa tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Nani alisema hakuna baridi?

Kuipima ni kazi ya jikoni. Subiri injini ipoe kabisa, maana mfuniko wa rejeta ya moto huunguza uso. Kwenye Subaru hii thamostati iko chini, penye pampu ya maji. Itoe, ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, washa jiko. Kabla maji hayajatokota, itafunguka polepole mbele ya macho yako. Yakitokota nayo imekaza, nunua nyingine.

Ikifunguka, tafuta kwingine: mfuniko mbovu, hewa iliyonaswa, feni. Mapovu yasiyokoma kwenye tangi la akiba huashiria kuharibika kwa gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na bloku ya injini), na hapo muite fundi.

Yangu ilikuwa fyuzi ya feni.